KURWA ALIBEBWA MARA MOJA TU

Akida Sadallah aliwapita wabebaji wake mbio juu ya punda, amejitanda ushungi wa mkewe, na hakugeuza shingo.

Nyuma yake walikimbia askari wake wawili na bunduki zao. Bunduki hizo ndizo zilizopaswa kulinda machila. Na ndani ya machila alilala mkewe, Mwanakombo, mzazi, na kitoto kichanga ambacho hakijapata hata jina.

"Bwana," Mwanakombo aliita kutoka ndani ya pazia. "Bwana, unatuacha?"

Punda alikata kona, vumbi likabaki.

Wadau, mwanamume mzima alivaa nguo za mkewe, akatoka nduki, akamwacha mwenye nguo porini...

Na hapo hapo mashina ya mtama upande wa kushoto yakafunguka. Wakatoka watu wamejifunga majani vichwani, wanapiga kelele, "Maji! Maji!"

Mkuki wa kwanza ulimwingia Kurwa ubavuni.

Kurwa alikuwa amebeba nyuma. Shamte, aliyebeba mbele, hakuona kitu, ila alisikia mti wa machila ukitetemeka begani mwake. Akajua mwenzake amepigwa. Akasubiri machila ianguke.

Haikuanguka.

"Kurwa?"

"Twende, shemeji. Nimeshika."

Jamaa mmoja mwenye panga alimkatia Shamte njia. Shamte aliushikilia mti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamtandika fimbo ya mpingo mdomoni. Meno yalimwagika. Kabla hajainuka, mbebaji wa zamu, Safari, alikuwa juu yake na panga lake mwenyewe, akamkata shingo mara mbili. Damu iliruka mpaka kwenye pazia.

"Wasichana waingie kichakani," Shamte alisema. "Severina, watangulie. Dastani, kaa nyuma yao."

Wakaingia kichakani wote, na machila yao, na mtu mwenye mkuki ubavuni akiwa bado amebeba.

Tulia hapo kwanza.

Kuna jamaa juzi kaandika humu kwamba wahudumu wa ndege ni wahudumu wa hoteli tu waliopandishwa juu, kazi yao kugawa juisi na kutabasamu. Nilichukia, sifichi. Ndugu yangu, unaiona juisi kwa sababu safari yako ilikwenda salama. Siku injini ikishika moto ndipo utajua yule dada aliajiriwa kwa ajili gani. Atasimama mlangoni moshi ukimwingia kifuani, anasukuma watu nje mmoja mmoja, na mwenyewe atatoka wa mwisho, kama atatoka.

Sasa, kabla ya ndege, huku kwetu kusini kulikuwa na machila.

Machila ni kitanda cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu, kina pazia pembeni. Hubebwa na wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wengine wanasubiri zamu. Wa mbele anaiona njia. Wa nyuma haoni kitu, anaona pazia tu, kwa hiyo wa mbele humwimbia: kisiki hicho, shimo hilo, kata kulia. Wa nyuma huitikia ili ijulikane amesikia. Na zamu ikibadilishwa, huachii mti mpaka mwenzako aseme "nimeshika". Aliyeangusha abiria Masasi hii hakupata mke kirahisi.

Watu waliwaona kama wapagazi wanaoimba nyimbo za kuchekesha na kumpepea bwana akisikia joto. Juisi yao ilikuwa hiyo.

Mwaka ni 1905, mwezi wa nane, Mjerumani anatawala. Shamte ndiye aliyekuwa mkubwa wa machila hii. Kurwa alikuwa mdogo wa mkewe. Safari alikuwa kijana wa Masasi mjini, mwenye masihara kupita kiasi. Dastani alikuwa Mmakua wa misheni, mtu wa kusali kabla ya kula hata muhogo wa kuchoma. Na Severina, Mmakonde wa Kitangari mwenye ndonya ya mti kwenye mdomo wa juu, alikuwa mpishi wao na mshika maji wa msafara.

Zamani kulikuwa na mwingine. Doto, pacha wa Kurwa.

Doto aligoma kuacha shamba lake ili akalime pamba ya serikali. Akida Sadallah, msimamizi wa Mjerumani, alimlaza chini mbele ya wakwe zake akamchapa kiboko mpaka Doto akajichafua. Alipoinuka hakulia. Alisema neno moja tu, kwamba Sadallah atakufa kwa mkono wake. Kisha akaenda kunywa maji ya dawa, akajiunga na wapiganaji.

Na sitakaa hapa niwaambie kwamba waliokunywa maji walikuwa watu wabaya. Kodi, pamba, kiboko... wewe ungevumilia mpaka lini? Ila watu wenye hasira wakiwa wengi, hakuna anayeweza kuwashika. Na siku ile, nyuma ya machila ya Akida walikuwepo wasichana wa bweni la misheni, wamekabidhiwa kwa Shamte wafikishwe Newala salama.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Wafike.

Turudi kichakani.

Vichaka vya chini ya uwanda wa Makonde ni vizito, mbuzi akiingia anatoka hana pembe. Walipofika ndani kabisa, waliiweka machila chini. Kurwa akakaa. Alipotaka kuuchomoa mkuki, Severina alimshika mkono.

"Usiutoe wote. Ukitoka na matumbo yatatoka."

Akauvunja mpini, akafungua kanga yake ya juu, akamfunga kiuno kwa nguvu. Kurwa aling'ata fimbo ya Shamte. Wasichana walitazama pembeni.

Huko nje baragumu lililia. Likajibiwa na lingine.

Mwanakombo alitoka kwenye machila, mtoto kifuani. Alikuwa bado anatoka damu ya uzazi.

"Wanamtaka nani?" aliuliza.

"Mumeo," Severina alimwambia.

"Mume wangu amekimbia."

"Wao wameona mwanamke juu ya punda, Bi Mwanakombo. Wanadhani Akida yuko kwenye machila."

Mwanakombo alifumba macho. Ndipo alipoelewa ushungi wake ulikwenda kufanya nini. Sadallah hakumwacha tu. Alimwacha mahali pake, afe badala yake.

"Kuna njia ya wanawake," Severina alisema. "Njia ya kuchotea maji. Inapanda jabali la ukingo mpaka Kitangari. Machila haipiti, lakini mtu anapita. Juu kuna watu wetu na magobore, wanalinda."

"Na wakitufuata?" aliuliza Shamte.

"Wakitufuata tukiwa jabalini wanatumaliza wote. Hakuna pa kujificha pale."

Shamte aliitazama machila.

"Basi lazima wafuate kitu kingine," alisema. "Sisi tutapita njia kuu na hii, tukiimba. Wao watafuata wimbo."

"Tupu?" Dastani aliuliza. "Watajua, kaka. Machila tupu inajulikana."

Ni kweli. Machila yenye mtu, mti unainama katikati, unayumba taratibu. Tupu, inarukaruka.

"Tutaweka mawe."

"Mawe hayageuki kitandani. Mtu anageuka."

Baragumu lililia tena, karibu zaidi.

"Niwekeni mimi," Kurwa alisema.

Wote wakageuka kumtazama.

"Nimebeba watu tangu sijaota ndevu," aliendelea. "Sijawahi kubebwa hata mara moja. Leo nataka nijue hawa mabwana hufurahia nini humo ndani."

Safari alicheka, mwenye masihara hakosi. Kisha akageuka, akajifuta macho kwa kiganja.

Walimlaza. Shamte alipoinama kuliweka sawa pazia, Kurwa alimshika shingo akamvuta karibu.

"Shemeji. Tukimkuta Doto huko, usimwambie kama nimo humu."

"Kwa nini?"

"Ukimwambia, atataka kuniokoa. Wenzake watajua wamedanganywa. Watarudi kuwatafuta hawa."

"Unaniomba kitu kibaya sana, Kurwa."

"Najua."

Shamte alifunga pazia.

Pembeni Mwanakombo alikuwa amekumbatia kasha lake, la bangili za fedha na nguo za harusi. Severina alimtazama mara moja.

"Mtoto au kasha," alimwambia. "Jabali linataka mkono mmoja. Unabaki na mmoja."

"Ni vitu vya mama yangu, Severina."

Severina hakubishana. Alilichukua kasha, akalitupa kwenye miiba, akamfunga mtoto mgongoni kwa mmoja wa wasichana wenye nguvu, akamshika Mwanakombo mkono.

"Tukifika juu, watapiga gobore," alimwambia Shamte. "Mpaka msikie mlio huo, tuko jabalini."

Wakaachana.

Shamte alishika mbele. Safari nyuma. Dastani alikimbia pembeni akisubiri zamu. Walipotokea njia kuu Shamte alifungua koo, akaimba wimbo wa kumsifu bwana, ule wanaoimba abiria akiwa ndani, ameshiba.

"Bwana mkubwa kalala..."

"Kalala, tumembeba," waliitikia.

Na kutoka ndani ya pazia, sauti ya nne nayo ikaitikia, "Kalala, tumembeba."

"Nyamaza wewe," Shamte alisema bila kugeuka. "Abiria haimbi."

"Nimezoea, shemeji. Na mkiwa watatu wimbo unasikika mbovu."

Wakacheka. Nawaambieni kweli, watu wale walicheka, damu ikidondoka kupitia turubai njia nzima.

Wapiganaji waliusikia wimbo. Vishindo vikaanza upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Shamte aliongeza mwendo. Hakutaka kuwashinda mbio. Alitaka wamfuate tu, wasimkute mapema, kwa hiyo alikimbia akihesabu pumzi za wenzake, akiwaza miguu ya Mwanakombo kwenye jabali.

Mishale ikaanza.

Mmoja ulichoma turubai. Mmoja ulipita sikioni kwa Dastani. Wa tatu ulimpata Safari kooni, ukatokea upande wa pili.

Hakuweza kusema neno. Koo lilikuwa limejaa damu. Ila miguu yake iliendelea, na mikono yake haikuachia mti. Dastani aliona macho ya mwenzake yamemtoka, akaruka nyuma, akaingiza bega.

"Nimeshika, Safari," alisema. "Nimeshika. Achia."

Ndipo Safari alipoachia. Alianguka kifudifudi njiani. Walisikia mapanga yakimfikia, na hawakuweza kusimama.

Wimbo ulikatika. Hata Kurwa hakuitikia tena.

Mbele kidogo vichaka vikaisha. Palikuwa na shamba lililovunwa, peupe kabisa, na mbele yake walisimama wapiganaji. Nyuma wengine wakatokea. Wakawazunguka.

Shamte alisimama, mti begani. Alisikiliza kule juu kwenye ukingo.

Kimya. Hakuna gobore.

Watu walipisha njia. Akatoka kiongozi wao, majani ya mtama kichwani, mkuki mkononi umekwisha kulowa damu. Uso ni wa Kurwa. Pua ya Kurwa, paji la Kurwa, hata ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto.

"Shikamoo, shemeji," Doto alisema.

"Marahaba, Doto."

"Dada hajambo?"

"Hajambo."

"Wekeni chini."

"Haishuki," Shamte alisema. "Unaijua kazi. Haishuki mpaka tufike."

Wapiganaji walicheka. Doto hakucheka. Alisogea mpaka karibu na pazia, akamtazama Shamte usoni.

"Humu yumo Sadallah?"

Neno moja tu lingetosha. Shamte alilisikia limekaa mdomoni, jina la Kurwa. Alimwona mkewe akimuuliza, ulikuwa na mdomo, kwa nini hukusema? Akasikiliza tena kule juu. Bado kimya. Wako jabalini, wameshikilia mizizi, mtoto mgongoni mwa mtoto.

"Yumo," alisema.

Doto aliinua mkuki kwa mikono miwili, akaupitisha kwenye pazia mpaka chuma chote kikazama.

Mti uliruka begani mwa Shamte.

Uliruka mara moja, kwa nguvu, kama samaki anavyoruka kwenye mshipi. Kisha ukatulia. Ndani haikutoka sauti. Mtu aliyekuwa mle alikufa ameuma meno ili asisikike.

Watu walishangilia. Mmoja alikuja mbio na panga. "Nifungue nikate kichwa."

"Asiguse mtu," Doto alisema.

"Tulisema tutakipeleka..."

"Nimesema asiguse mtu. Huyu alikuwa na uchawi wake. Ukimfunua, dawa yako inakatika hapo hapo. Unataka risasi ikupate kesho?"

Yule jamaa alirudi nyuma. Dawa ile ilikuwa na miko mingi, mmoja zaidi haukumshangaza mtu.

"Na hawa wapagazi?" aliuliza mwingine.

"Wamzike bwana wao. Mchawi asipozikwa na watu wake anarudi. Nendeni, nawafuata. Njia ya Masasi, tumemaliza hapa."

Baragumu likapigwa. Wakaondoka wakiimba, na hakuna hata mmoja aliyetazama upande wa jabali.

Shamte na Dastani walibaki wamesimama na machila yao. Damu ilidondoka kwenye mabua ya mtama yaliyokatwa.

Ndipo juu kabisa kwenye ukingo ukasikika mlio wa gobore.

Doto aliinua macho. "Nani hao?"

"Mke wa Sadallah na mtoto wake," Shamte alisema. "Na wasichana wa bweni."

"Wamefika?"

"Wamefika."

Doto aliitikia kwa kichwa. Akaegemeza mkuki wake kwenye kisiki, akafungua pazia taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Akamtazama pacha wake.

Hakupiga kelele. Hakuanguka. Hakuuliza huyu ni nani.

Shamte ndiye aliyeshtuka.

"Ulijua," alisema.

"Niliisikia sauti yake ndani ya pazia tangu mlipoanza kuimba. Tumelala tumbo moja, shemeji. Utaniimbia sauti ya Kurwa nisiijue?" Alimfuta ndugu yake povu la damu mdomoni. "Nikajua machila ni ya uongo. Nikajua kuna watu mnawaficha. Nikawaambia wenzangu fuateni wimbo."

"Basi kwa nini umechoma?"

"Nisingechoma mimi, wangechoma wao. Wangefunua, wangeona wamechezewa, wangerudi jabalini. Mimi ugomvi wangu na Sadallah. Wale wasichana sikuwa na ugomvi nao. Lakini watu hawa siwezi kuwashika, umewaona."

Kisha akauliza kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike yote haya.

"Alikuwa ameshakufa, siyo, shemeji?"

Shamte aliusogeza mti begani.

"Nilikuwa nasikiliza," Doto aliendelea. "Yule wa nyuma alipoanguka, Kurwa hakuitikia tena. Nikasema ameshakufa. Nikasema nachoma maiti tu. Ndivyo ilivyokuwa?"

Bega la Shamte lilikuwa bado linaurudia ule mruko. Mbebaji wa machila anajua kila kitu cha abiria wake kupitia mti. Anajua amelala, anajua anaumwa, anajua analia kimyakimya. Na anajua saa anayokufa.

"Alikuwa ameshakufa," Shamte alisema. "Alikata roho palepale alipoanguka Safari."

Doto alimgeukia Dastani.

"Dastani. Wewe ulikuwa nyuma, kichwa chake kilikuwa kwako. Na wewe ni mtu wa misheni, husemi uongo. Shemeji anasema kweli?"

Dastani, ambaye tangu abatizwe hakuwahi kudanganya hata bei ya kuku, alimtazama machoni.

"Anasema kweli. Alikuwa ameshakufa."

Doto alishusha pumzi ndefu, akakaa chini. Akalia sasa. Alilia mpaka akatapika. Kisha walichimba wote watatu kwa panga na mikono, wakamzika Kurwa ndani ya turubai lake, na Doto akaenda zake.

Mnataka kujua ya Akida? Haya.

Sadallah alifika Newala mapema kabla ya wote, akaketi barazani, akalia. Alisema wapagazi walitupa machila wakakimbia. Alisema yeye alipigana mpaka risasi zikamwisha, na mkewe na mwanawe wameuawa mbele ya macho yake. Watu wakamwonea huruma. Mikeka ikatandikwa, matanga yakaanza, mbuzi akachinjwa.

Mwanakombo alikuta watu wanakula matanga yake.

Aliingia nguo zimemchanika, magoti hayana ngozi, Severina akimshika kiuno, wasichana nyuma yao wote wazima, na mtoto analia njaa. Vijiko vilisimama hewani. Mzee mmoja alikimbia akidhani ni mzuka.

Sadallah aliinuka, mikono imefunguliwa. "Mke wangu... Mungu mkubwa..."

"Kaa," Mwanakombo alisema. "Nimefuata talaka yangu tu. Niandikie, nawe umalize nyama yako."

Akapewa, mbele ya watu wote. Akaishi Newala mpaka uzee wake, na mtoto yule, wa kike, alimpa jina la Severina, Mwislamu mwenye jina la Kikristo, na aliyeuliza sababu alijibiwa vizuri tu.

Lakini Akida hakupoteza cheo. Siwezi kuwadanganya ili mlale vizuri. Mjerumani alirudi na askari wengi na bunduki za kumimina risasi. Maji hayakuzuia kitu. Walichoma maghala, walichoma mashamba, njaa ikaua watu kuliko risasi. Doto alikamatwa mwaka uliofuata, amekonda, anakula mizizi. Akahukumiwa kunyongwa Masasi, na Sadallah akakaa kwenye kiti chake kutazama.

Shamte alikwenda. Mkewe alimsihi asiende, akaenda. Alimpa askari mmoja kuku wake ili aruhusiwe kumnywesha shemeji yake maji. Dastani alisimama nyuma yake.

Doto alikunywa kwa sababu Shamte ndiye aliyeshika kibuyu. Mikono yake ilikuwa imefungwa. Kamba ilikuwa imekwisha kutundikwa.

"Shemeji," Doto alisema kwa sauti ya chini. "Nakwenda kuonana naye sasa hivi. Kama ulinidanganya, niambie, nijue namna ya kumsalimia."

Wadau... hapa ndipo mimi ningeshindwa. Mtu yuko chini ya kamba, anaomba ukweli.

Shamte aliinua kibuyu, akamfuta maji kidevuni.

"Sikukudanganya. Alikuwa ameshakufa. Msalimie kama ndugu yako."

Doto alimtazama Dastani. Dastani akatikisa kichwa, ndiyo.

"Basi sawa," Doto alisema, akapanda mwenyewe bila kusukumwa.

Dastani huyo ni babu mzaa babu yangu. Alikuja kufa mzee sana, kwake, kitandani, na padri alikuja kumwungamisha. Bibi yetu alikuwa mlangoni, akasikia kila kitu. Mzee aliungama hasira zake. Aliungama pombe ya mabibo, na mwanamke mmoja wa Lukuledi aliyeshangaza ukoo mzima. Padri alipomuuliza kama kuna lingine, Dastani alisimulia ya Kurwa, ya mti ulivyoruka, na ya uongo waliomwambia Doto mara mbili.

"Unaitubia dhambi hiyo?" padri aliuliza.

"Hiyo siiungami, Padri," alisema. "Nakueleza tu. Ile ilikuwa sehemu ya kazi."

Somo langu ni dogo. Ukifikishwa salama, popote pale, usiishie kuhesabu mizigo yako. Watazame na waliokufikisha, kwa maana hao nao wanarudi nyumbani na kitu, na mara nyingi hawatakuambia ni nini.